"Si uko tu nyumbani?" Hebu tuelewane kuhusu hii kazi ya laptopu

Jirani yangu hapa Migosi, Kisumu, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Huwa anaitoa Dunga bado ina unyevu, anaianika kwa gunia mbele ya ploti, alafu akielekea soko la Kibuye anapitia dirishani kwangu, "Jirani, si uko tu? Mvua ikikuja unianulie."

Sasa mvua ya Kisumu haipigi hodi. Saa nane jua linakuchoma utosi, saa kumi wingu jeusi limeshuka kutoka upande wa milima ya Nandi, na nyumba zetu hazina silingi, tone likigonga bati ni kama mtu amemwaga debe la mahindi juu ya paa. Siku moja ilinipata nikiwa kwa mitingi na klayenti wa Marekani, niko katikati ya kumweleza kwa nini hesabu za mwezi hazifungi, nikaona wingu, nikaona omena, nikasema samahani stima inasumbua, nikazima kamera nikatoka mbio. Niliporudi nimelowa alikuwa bado ananiuliza hiyo kelele ni ya nini. Nikamwambia ni mvua kwa mabati, na sidhani alielewa.

Jioni huyo mama jirani akaniletea omena kidogo kwa gazeti akanishukuru kabisa. "Bora wewe huna kazi," akasema.

Sikumjibu siku hiyo. Namjibu sasa, yeye na landilodi na yule binamu ananiuliza kila wiki nimuunganishie "hiyo kitu ya laptopu", manake nimeona kila mtu akitaja hii kazi anamaanisha kitu chake na ndo sababu hatuelewani.

Kwanza lugha yenyewe inatuchanganya. Ukisema kazi ya nyumbani kwa Kiswahili umesema kuosha vyombo, kufua, kupika, au kazi mwalimu amempa mtoto aje nayo jioni. Mamangu aliwahi kuwaambia wenzake wa chama huko Siaya kwamba mimi nafanya kazi ya nyumbani, wakampa pole, wakauliza kama mke wangu ndiye ananilisha. Kwa hivyo mimi siku hizi nasema nafanyia kazi nyumbani. Hiyo herufi moja ndogo, kufanyia badala ya kufanya, inabeba kila kitu: kazi ni ile ile ya ofisi, ya kuandika, kupiga hesabu, kujibu wateja, kuchora, kufundisha, ni mahali pekee pamebadilika.

Na haikuanza na vijana wa juzi. Ila wengi wetu hapa Kenya tuliisikia kwa nguvu Machi 2020, corona ilipoingia na serikali ikaomba ofisi ziwaache watu wafanyie kazi nyumbani isipokuwa wale wa huduma za lazima. Wengine walirudi ofisini, wengine hatukurudi, na wengine ofisi yenyewe ilifungwa wakatafuta kazi ingine ya mtandaoni.

Sasa ndani ya hilo jina moja kuna watu wa aina tatu na hawafanani hata kidogo.

Dadangu yuko Nakuru, Kiamunyi. Ameajiriwa na kampuni ya Nairobi, ana mkataba, ana mshahara, anakatwa kila kitu, na huitwa ofisini siku mbili kwa mwezi anapanda shato asubuhi. Huyo ni mwajiriwa kama mwajiriwa mwingine yeyote. Sheria ya ajira ya 2007 inayompa likizo ya siku 21 kwa mwaka na siku moja ya kupumzika kila wiki haijali kama meza iko Upper Hill ama iko kando ya kitanda. Akigonjeka ni mgonjwa, si "ameamua kulala". Wengi walio kwa hali yake hawajui hili, wanaona haya hata kuomba likizo juu wanajihisi tayari wako likizo.

Mimi ni wa pili. Mimi ni kama wale mafundi wa sofa pale Kibuye. Hakuna mtu anamlipa fundi wa Kibuye kwa kukaa kazini, analipwa kiti kikiisha, mbao ni zake, misumari ni yake, randa ikivunjika ni shida yake. Ndo ufrilansa huo. Klayenti wangu akiamka kesho aseme basi, ni basi, sina notisi sina nini. Lakini pia naweza kuwa na klayenti watatu na nikamwambia mmoja hapana, kitu dadangu hawezi.

Wa tatu ni kijana namjua wa Kakamega, anaingia kwa apu anapewa vipande vipande, piga mstari kwa hii picha, sikiliza hii sauti uiandike, ukimaliza kimoja unapata senti zako za dola. Huyo ni kama wale wanashusha magunia kwa lori, unalipwa kwa gunia, na gunia likikosekana leo hakuna wa kumlaumu. Anaweza kukaa macho hadi saa tisa usiku akingoja kazi itokee kwa skrini, na huo muda wa kungoja haulipwi.

Kwa hivyo mtu akikuuliza kazi ya mtandaoni inalipa ngapi ni kama ameuliza kazi ya nje inalipa ngapi. Nje wapi?

Alafu kuna hawa wa nne ambao mimi siwahesabu, wale wa "lipa elfu moja mia tano ya usajili uanze kazi leo" na wale wa kulike video upate pesa ila lazima uweke yako kwanza. Kazi inakulipa, haikudai. Fundi wa Kibuye hamlipi mteja ndo amtengenezee kiti. Na kukodi akaunti ya mtu, hilo nalo liko sana hapa kwetu, ujue unajenga kwa shamba la wenyewe, siku mwenye jina akibadilisha nywila pesa yako iko ndani na huna pa kushtaki.

Tukitoka hapo, wacha niseme kile kitu naona watu hawakioni. Ofisi ikihama kuja nyumbani haiji peke yake, inakuja na bili zake. Ofisini kuna mtu alikuwa analipa stima, analipa intaneti, ana jenereta, ana mlinzi wa kuzuia wageni, ana mama wa chai. Sasa hao wote ni wewe. Ukisikia mtu anasema kazi ya nyumbani haina gharama, jua kuna mtu mwingine kwake anazilipa.

Anza na stima, juu hiyo ndo imeniletea ugomvi na mke wangu. Nilipoanza tulikuwa tunatumia kama yuniti 25 kwa mwezi, taa, tivii, simu, pasi. Baada ya miezi michache tokeni zikawa zinaisha kama zimetobolewa, tukasema hawa watu wa stima wanatuibia. Kila mtu kwa ploti husema hivyo. Nikakaa chini na kalamu. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Laptopu inakula kama wati 50, ukiiwasha kwa masaa manane ni yuniti 0.4 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni karibu 9. Ruta ni wati 10 tu lakini haizimwi, mchana na usiku mwezi mzima ni yuniti 7. Feni, na Kisumu bila feni mchana utaandika ukitokwa jasho kwa kibodi, ingine karibu 9. Alafu nikafika kwa chai. Birika la stima ni wati 2,000. Dakika tano za kuchemsha, mara tatu kwa siku, ni nusu yuniti. Yaani chai yangu ilikuwa inakula kuliko laptopu! Kwa mwezi ni yuniti 11, na laptopu ndo ilikuwa inatukanwa.

Jumla nimetoka 25 nikafika 61 hivi. Lakini maumivu hayakuishia hapo. Kuanzia Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa bei tatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na juu ya 100, na wanaangalia wastani wako wa miezi mitatu. Ukivuka 30 sio zile za juu tu zinapanda bei, unahamishwa kundi lote. Ni kama matatu: ukipita steji yako kidogo, konda hakuitishi ya hicho kipande, anakuitisha nauli ya steji inayofuata. Ndo maana mwezi wa kwanza huoni kitu, wa pili unashangaa, wa tatu unaanza kumshuku jirani. Na kama landilodi wako ana mita moja ya ploti nzima anawagawia, nyinyi wote pamoja mlishavuka kitambo hata kabla uje na laptopu yako. Sisi birika tuliliweka juu ya kabati, chai inachemshwa kwa gesi mara moja asubuhi inawekwa kwa thamosi.

Stima ikipotea sasa. Hapa watu hukosea wakidhani stima ikienda na intaneti imeenda, kwa hivyo wanafunga laptopu wanalala. Fayba ni uzi wa glasi unaopitisha mwanga, huo uzi hauhitaji stima ya nyumba yako. Kinachozimika ni ruta, na ruta ni wati 10, kibetri kidogo cha ruta, changu nilinunua kwa elfu tatu na kitu, kinaiwasha masaa kadhaa. Laptopu ina betri yake. Kwa hivyo ile giza ya masaa mawili ya kila siku mvua ikinyesha haifai kukusimamisha kazi. Ila kuna sharti, mashine za kampuni ya intaneti zilizo mtaani nazo ziwe na betri. Zikiwa hazina, ruta yako itawaka vizuri sana na itakuwa imewaka bure. Hilo huwezi kulijua hadi siku stima ipotee uangalie, au umuulize jirani mwenye kampuni hiyo kabla ujiunge.

Ukihamia bando ya simu nako kuna foleni. Milingoti ya simu ina betri na mingine jenereta, inabaki hewani, lakini mtaa mzima umehamia huko pamoja na wewe, na mlingoti ni kama mfereji mmoja wa ploti saa kumi na mbili asubuhi. Presha ndo hiyo hiyo, ndoo ndo zimeongezeka. Na siku ya giza kubwa kama ile ya Ijumaa usiku ya Agosti 25, 2023, nchi karibu yote ilikuwa gizani kwa masaa mengi sana, hakuna kibetri kinakusaidia hapo. Mimi nilimwandikia klayenti ujumbe mmoja wakati simu iko asilimia nane nikalala.

Neno lingine linachanganya watu ni spidi. Kampuni inakuuzia "kumi", wewe unaona filamu ya gigabaiti moja inachukua karibu dakika kumi na nne na unasema umeibiwa. Hujaibiwa. Wao wanahesabu kwa megabiti, faili lako linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hivyo kumi yao ni moja na robo yako kwa sekunde. Ni kama kununua mahindi kwa gorogoro na kuyauza kwa kilo, lazima ujue moja inaingiaje kwa ingine. Tena kuna barabara ya kuja na ya kwenda. Kutazama video kunatumia ya kuja. Mitingi inatumia zote mbili, sura yako lazima iende, na barabara ya kwenda mara nyingi ndo nyembamba. Unawasikia wao vizuri kabisa wao wanakuona umeganda mdomo wazi. Zima kamera. Na kama uko kwa bando, mitingi ya video inaweza kumeza gigabaiti nzima kwa saa moja, utajikuta umelipia mkutano ambao ungekuwa ujumbe wa mistari mitatu.

Na kuna siku shida haiko kwako, haiko Kisumu, haiko hata Kenya. Intaneti yetu kwa sehemu kubwa inaingilia Mombasa kwa nyaya zilizolala chini ya bahari, alafu ndo inapanda bara hadi hapa ziwani. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika na Afrika Mashariki yote ikawa inavuta intaneti kwa kamba. Mimi asubuhi hiyo nilizima na kuwasha ruta labda mara kumi na tano. Nikapigia kampuni nikawafokea. Mpaka nilipofungua WhatsApp nikaona mtu wa Kampala na mtu wa Dar wanalia kilio kile kile ndo nikaacha ruta ya watu.

Sasa saa. Hapa kwetu ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini, jua linatoka na kuzama karibu wakati ule ule Januari mpaka Desemba, na saa zetu tunazihesabu kutoka hapo. Wenzetu wa Marekani siku zao zinarefuka na kufupika, kwa hivyo wao husogeza saa, mbele Jumapili ya pili ya Machi, nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi kitu. Matokeo yake ni kwamba saa tatu asubuhi ya New York kwangu ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao na saa kumi jioni wakati wa joto lao. Mwaka wa kwanza sikujua. Nilifika kwa mitingi saa kumi na moja kamili, nimechana nywele, shati ya kola juu na kaptula chini, nikapata watu wanaagana. Klayenti hakunifokea, alisema tu "tulikusubiri", na hiyo iliniuma kuliko kufokewa. London nao husogeza lakini Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hivyo kuna wiki mbili tatu hapo katikati ambapo ukiwa na wateja pande zote mbili unahitaji kuandika kwa karatasi na kubandika ukutani. Mimi yangu iko juu ya swichi.

Hizo saa ndo zinafanya pia watu waone huna kazi. Asubuhi nzima unaonekana kwa ploti, unaosha viatu, unapeleka mtoto shule, unabishana na msimamizi wa ploti kuhusu taka. Kazi yako inaanza wakati wenzako wanatoka zao. Usiku saa nne uko kwa skrini na hakuna anayekuona isipokuwa mke wako, naye anaona mgongo. Seneta wa Nandi, Samson Cherarkey, alileta mswada 2022 wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi nje ya saa zake, na watu wakacheka sana mtandaoni. Dadangu hakucheka. Bosi wake humtumia ujumbe saa tano usiku unaoanza na "najua umelala ila".

Kodi nitapita haraka kwa sababu hamtaki kuisikia, lakini uongo ulioko ni mkubwa: ati pesa ikitoka nje haina kodi. Kama unaishi hapa, mapato yako ni ya kutangazwa KRA, wale watu wa kodi, hata kama yamelipwa kwa dola na mtu ambaye hajawahi kusikia Kisumu. Tofauti ni kwamba dadangu anakatwa kabla aone pesa, mimi hakuna ananikata, na kutokatwa si kutodaiwa. Ripoti ya mwaka mwisho wake ni Juni 30, kila mwaka, na wewe ndiye mhasibu wako. Matibabu vilevile, yeye anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kwa SHA, bima ya afya ya serikali, mimi natakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na siku ya kulipa huwa natamani kuajiriwa.

Na hiyo dola yenyewe mnaionea wivu, mapema 2024 ilikuwa inakaribia shilingi 160, kabla ya katikati ya mwaka iko 130 hivi. Kazi ni ile ile, dola 500 ni zile zile, lakini elfu 80 imekuwa elfu 65 na kodi ya nyumba haijui habari ya dola. Siku hizo mtu akiniambia "wewe unalipwa dola" namuuliza ya mwezi gani.

Narudi kwa mama wa omena. Nilimweleza haya yote siku moja jioni tukiwa tumeketi nje stima imepotea, si kwa urefu hivi, akasikiliza, akaniuliza swali moja tu: sasa nitajuaje uko kazini ama uko tu? Swali zuri kuliko yote nimeulizwa na watu wenye digrii. Mlango wa ofisi ndo ulikuwa unafanya hiyo kazi na mimi sina mlango wa ofisi, nina pazia. Tukakubaliana, mke wangu akatoa leso ya zamani nyekundu, ikitundikwa dirishani niko kwa mitingi, hakuna hodi, hakuna niazime chumvi, hakuna nishikie mtoto kidogo. Watoto wa ploti walijifunza kwa siku mbili, wakubwa kwa mwezi.

Ila mama aliweka sharti lake na nikalikubali: wingu likitoka upande wa Nandi, leso haihesabiki.